Nilitamka Talaka kwa Ajili ya Pikipiki

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na moja. Ni mwalimu wa sekondari hapa Mafia, upande wa Utende. Nina shahada ya chuo kikuu, nina miwani ya kusomea na nyingine ya kuonea mbali, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika makala za kuwashauri watu namna ya kuishi na wenzao... Mimi! Kuwashauri watu!

Leo sina ushauri. Nina nyumba tupu, na uani nina pikipiki inayong'aa kiasi kwamba wapita njia husimama kupiga nayo picha. Nawasimulia yaliyonikuta kwa sababu usingizi umenikimbia, na kwa sababu huenda kuna mwanamume mahali fulani anayesoma haya huku mikono yake ina grisi.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, ya zamani, ile aina waliyokuwa wakiitumia mabwana afya nilipokuwa mtoto. Jina la kampuni silitaji, maana haina kosa lolote katika mkasa huu. Kati yangu na yeye, yeye ndiye aliyefanya kazi yake vizuri.

Nakumbuka jinsi bwana afya alivyokuwa akija shuleni kwetu kuchanja. Watoto wenzangu wakisikia ule mlio walikimbilia minazini. Mimi nilikimbilia barabarani, nikaione pikipiki! Kwa hiyo kila mara nilichomwa sindano wa kwanza. Mtu mwenye akili angepata funzo hapo hapo. Mimi nilipata mapenzi.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaoa, nikaota mvi. Wanaume wa umri wangu wakifika hapo wengine huoa mke wa pili, wengine hugombea udiwani. Mimi nikaona mifupa ya pikipiki nyuma ya duka la Bwana Akbar, Kilindoni.

Bwana Akbar ni mfanyabiashara, wazee wake walitoka Uhindini zamani sana, na yeye ni mtu wa Mafia kama mimi. Marehemu baba yake alikizunguka kisiwa kizima kwa pikipiki ile akinunua nazi. Sasa ilikuwa fremu tu na injini iliyokwama, imelaliwa na magunia ya misumari.

"Mwalimu, chukua," akaniambia. "Utanisafishia banda."

Kitu kimoja tu alinikatalia: tangi la mafuta. Alikuwa amelitundika dukani, ukutani, jekundu lenye mistari ya fedha, kumbukumbu ya mzee wake. "Hilo siuzi, Mwalimu. Hata usiniulize tena."

Nikaipakia mifupa yangu kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikaileta nyumbani kama bwana harusi.

Mke wangu, Mwajuma, mama wa binti yangu Nasra, alitoka jikoni akaitazama, akaizunguka, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mke mwenza wa namna hii namkaribisha. Hataki kanga, wala hagombei zamu."

Alikosea, wasomaji wangu. Zamu aliigombea, na zote alizipata yeye...

Anayekaa pwani anajua habari ya chumvi. Hapa kwetu chuma unakisugua asubuhi, jioni kimeanza kuwa chekundu. Kwanza niliviweka vyuma vyangu bandani. Vikashika kutu. Nikavihamishia sebuleni. Mwishowe nikaona chumba kikavu kuliko vyote ndani ya nyumba ni chumba cha kulala. Injini ikalala juu ya gunia miguuni mwa kitanda, na ringi na nati zikalala dirishani ndani ya sufuria za Mwajuma, zimerowekwa kwa mafuta ya taa.

Yeye alisema nini? Alisema, "Baba Nasra, ile sufuria ya wali naiona ina pistoni." Nikamwambia kesho nitamnunulia nyingine. Ikawa kesho ya kila siku.

Kazi ya Mwajuma ilikuwa mwani. Alizaliwa Juani, ng'ambo ya maji, na huko ndiko alikokuwa na kamba zake za mwani. Akivuna alivuka nao kwa mashua, akauanika uani kwetu. Miaka yote ulichuruzika maji yake hapo, na ada ya shule ya Nasra ilitoka hapo. Siku moja, pikipiki ikiwa imeanza kuwa na sura, niliona alama ya kutu kwenye rimu niliyoisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikatafuta mchawi wangu. Nikautazama mwani.

Nikamwambia Mwajuma kwamba chumvi ya mwani wake inakula pikipiki yangu. Nilimweleza kisomi, mambo ya hewa na unyevu, kama niko ubaoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakusanya majamvi yake, na tangu siku hiyo akawa anaanika kwa kaka yake Hamadi, huko huko Juani. Mara nyingine alikaa huko siku mbili tatu akisubiri ukauke.

Mimi nilijiona nimeshinda. Uwanja ulikuwa mpana! Rimu zilikaa safi! Mwanamume anafukuza riziki ya mkewe uani, kisha anafurahia nafasi... Mngesema nini juu ya mtu kama huyo?

Sasa niwaeleze habari ya cherehani, maana hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilipomposa Mwajuma, sheikh alimuuliza mahari anayoitaka, kama ilivyo desturi. Wenzake walitaja fedha na dhahabu. Yeye alisema, "Nataka cherehani ya miguu." Marehemu mama yangu alimpenda kuanzia siku hiyo. Tukaipata, ya chuma, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Nguo zote za utoto za Nasra zilishonwa hapo. Kanzu zangu zilishonwa hapo. Baadaye mkanda ukakatika, mwani ukachukua muda wake wote, na cherehani ikabaki pembeni sebuleni imefunikwa kitambaa. Juu yake niliweka vitabu. Juu ya vitabu niliweka spana.

Jioni moja Mwajuma alikuja akakaa karibu yangu. Nilikuwa nasafisha kabureta. Alinionyesha viganja vyake, vimepasuka kwa maji ya chumvi. Akanieleza kwamba magoti yamechoka kuinama majini, kwamba madrasa wamekubali awashonee watoto sare za Maulidi, kwamba anataka kuacha mwani kidogo kidogo na kurudia cherehani yake. Alieleza kwa kirefu. Najua hivyo kwa sababu alimsimulia Nasra, naye akaja kunikumbusha baadaye, neno kwa neno. Siku ile mimi nilikuwa nimeweka mdomo kwenye kitundu cha kabureta, napuliza.

"Umenisikia, Baba Nasra?"

"Nimekusikia, Mama Nasra. Sawa. Sawa kabisa."

Nilichosikia ni hewa kupita. Kitundu kilikuwa kimezibuka, nami nikamshukuru Mungu!

Muda si mrefu mama yake akaugua, Mwajuma akavuka kwenda Juani kumuuguza. Nami nikabaki na pikipiki. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, niliifunga yote, nikamimina mafuta kidogo kwenye kabureta, nikapiga kiki... ikawaka! Wasomaji, nilitoa machozi. Mlio ulikuwa ule ule wa bwana afya.

Tatizo ni kwamba haikuwa na tangi. Nilichukua chupa tupu ya mafuta ya kupikia, nikaijaza petroli, nikaitundika juu ya usukani, nikachomeka mpira mpaka kwenye kabureta. Nikaipeleka hivyo mpaka kijiwe cha bodaboda, kujionyesha. Vijana wakaizunguka, halafu mmoja akasema, "Mwalimu, huyu mgonjwa mbona ametundikiwa dripu? Mrudishe wodini!"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti cha bodaboda yake. Nami nilicheka, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa tayari niko njiani kwenda Kilindoni.

Bwana Akbar alikataa tena. Nilibembeleza. Mwishowe akapumua akaniambia kwamba kuna kitu kimoja tu kinachoweza kumfanya aliteremshe lile tangi. Binti yake ameolewa Mbagala, anashona, na anahangaika kutafuta cherehani ya zamani ya chuma kama ile ya marehemu bibi yake, kwa kuwa hizi mpya hazidumu. "Ukiiona popote, Mwalimu, niletee. Tangi utachukua."

Nilijua wapi pa kuiona.

Je, nilisita? Nilisita kwa muda wa kuondoa vitabu na spana. Nikajiambia haina mkanda. Nikajiambia haijaguswa miaka. Nikajiambia Mwajuma yuko kwenye mwani, hana habari nayo. Nikaipakia kwenye bajaji mchana kweupe, nikisalimiana na watu.

Bwana Akbar aliifuta vumbi, akafurahi kama mtoto. Aliniuliza swali moja tu: "Ya nani hii, Mwalimu?"

"Ya nyumbani," nikasema.

Tazameni jibu hilo! Hapo ndipo elimu yangu yote ilipofanya kazi. Halikuwa uongo. Lakini mahari ni mali ya mke, si ya mume wala si ya nyumba. Hata mtoto wa madrasa anajua. Mume akitaka hata kuiazima anaomba. Mimi niliibadilisha kwa tangi.

Siku niliyolifunga tangi, Mwajuma alirudi baada ya alasiri. Mama yake alikuwa amepata nafuu kidogo. Kichwani alibeba bonge la kitambaa cheupe, na mkononi ndoo ya maji ya bahari yenye pweza. Yule pweza alikuwa zawadi yangu. Mama mkwe wangu, mgonjwa kitandani, alikuwa amesema, "Mpelekee mkwe wangu, anapenda pweza."

Nilikuwa uani. Tangi limekaa mahali pake, jekundu, jua linalipiga. Nilikuwa nimefungua kabureta kwa marekebisho ya mwisho na mfuniko wa tangi uko wazi. Nilimwita kwa furaha: "Mama Nasra, njoo uone!"

Alitua kitambaa na ndoo. Akaona. Akasema, "Zuri. Si ndilo lile la Akbar alilosema haliuzi?"

"Ndilo."

"Amelitoa kwa nini?"

Nikainamia kabureta. Akaingia ndani na kitambaa chake cha sare. Nilimsikia akisimama sebuleni. Hakupiga kelele. Nikaanza kutumaini kwamba labda hakujali... Halafu akatoka.

"Cherehani yangu iko wapi?"

Nilimwambia. Nilianza kumweleza kwamba ilikuwa haina mkanda. Sikumaliza.

Mwajuma aliinua ile ndoo kwa mikono yake miwili iliyopasuka, akaimwaga yote juu ya pikipiki. Maji ya bahari! Yaliingia kwenye tangi, yakaingia kwenye kabureta, yakatiririka mpaka ndani ya injini. Pweza aliteleza juu ya kiti akaning'inia kwenye taa ya mbele.

Chumvi, wasomaji! Chumvi niliyoikimbia miezi yote ile!

Sikumwona mke wangu pale. Naapa, sikumwona. Niliona chuma changu tu, na maji yanachuruzika. Nikasikia sauti yangu ikisema, tena kwa nguvu, "Nimekuacha, Mwajuma! Nimekuacha, huna ndoa na mimi!"

Upande wa pili wa ua alikuwepo jirani yetu Bi Kidawa, anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. "Mwalimu," akaita taratibu, "hilo neno umelisema wewe?"

Nilikuwa nimelisema. Na sasa ngojeni niwaambie nililofanya baada ya hapo, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi hata kuliko neno lenyewe.

Nilikimbia. Nilikimbilia wapi? Kwa mke wangu? Kwa sheikh? Nilikimbilia kisimani! Nikateka maji baridi, nikarudi mbio, nikaisuuza pikipiki. Nikateka tena, nikasuuza tena. Nilifungua injini, nikamimina dizeli kutoa chumvi. Nilipoinua kichwa jua limeshazama, na nyumba haina sauti. Mwajuma alikuwa amechukua bonge la kitambaa akawahi mashua ya mwisho. Kwa sheria eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, angeikalia kwangu. Lakini angelala wapi, wakati upande wake wa kitanda ulikuwa na sanduku la vipuri?

Nasra alinipigia simu kutoka Dodoma anakosoma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akasema, "Baba, nikiulizwa na wenzangu kwa nini mama ameachwa, niseme nini? Niambie jibu, nilishike." Nilikuwa na shahada, nilikuwa na makala zilizochapishwa... Nikamuuliza kama pesa za matumizi zimemfikia. Akakata simu.

Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Aliniuliza nilitamka mara ngapi na kwa nia gani, akasema imepita talaka moja. Akasema ndani ya eda yake, tohara tatu, nina haki ya kumrejea. "Kwa hiyo vuka leo," akaniambia. "Nenda mikono mitupu, uombe radhi, useme umemrejea, uchukue mashahidi. Cherehani utaihangaikia mkiwa pamoja."

Ushauri rahisi kama huo! Mtoto angeufuata. Lakini mimi nilikuwa fundi sasa. Nilikuwa nimejifunza kwamba kitu kikiharibika unatafuta kipuri kilichopotea, unakirudisha mahali pake, na kitu kinawaka. Nikamwambia sheikh ninaona aibu kwenda mikono mitupu. Nitakwenda na cherehani yake.

Akanitazama. "Aibu, Mwalimu, au kiburi?"

Nikakasirika kimoyomoyo. Nikarudi nyumbani, nikachukua kalenda ya ukutani, nikahesabu miezi mitatu, nikaweka duara. Muda upo tele, nikajiambia.

Bwana Akbar alipoambiwa habari yote alishika kichwa. "Mahari! Mwalimu, mbona hukuniambia? Mimi ni Muislamu, ningeigusa vipi mahari ya mke wa mtu?" Nilitaka kumrudishia tangi lake papo hapo. Alirudi nyuma kama nimemletea nyoka. "Kaa nalo. Silitaki humu ndani." Akampigia simu binti yake Mbagala, naye akasema baba yake akitaka aitoe, ataitoa, tatizo ameshamwazima mama mkwe wake, Bagamoyo.

Nikasubiri likizo ya shule, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu. Nikasubiri bahari itulie, boti zikasimama kwa upepo, nikasubiri tena. Nikavuka mpaka Nyamisati, bara, nikaenda Mbagala, nikaenda Bagamoyo. Mama mkwe wa binti yake Akbar alikuwa mtu mkali. Alinipokea mlangoni, akanitazama toka miguuni mpaka kwenye miwani. "Ndiye wewe? Mwenye pikipiki?" Hata Bagamoyo nilikuwa nimeshafika kabla sijafika! Akanipa cherehani, na hakunipa hata maji ya kunywa.

Niliirudisha mpaka Utende, mgongo umenikatika. Ningeiingiza kwenye mashua siku ile ile, leo nisingekuwa naandika haya. Mashua ilikuwepo. Nahodha aliniita: "Mwalimu, unavuka? Nafasi ipo!"

Nikaitazama cherehani. Safari ilikuwa imeichubua. Chuma chake kilikuwa na kutu, meza imebanduka ukingoni, mkanda bado haupo. Nikasema moyoni, siwezi kumpelekea mke wangu kitu cha namna hii. Kwanza niitengeneze.

Wasomaji wenzangu... niliitengeneza! Niliifungua yote mpaka nati ya mwisho. Nikaiweka chumbani, kwenye mafuta ya taa, ndani ya zile zile sufuria. Nikaisugua kwa msasa laini, nikaipaka rangi nyeusi, nikachora upya maua ya dhahabu kwa brashi ya mtoto. Nikaagiza mkanda kutoka Dar es Salaam, nikausubiri. Jioni nilikuwa nikiimba. Kweli kabisa, nilikuwa nikiimba! Niliona ninampenda mke wangu kuliko wakati wowote, na nilikuwa nikimpenda mikono yangu ikiwa ndani ya mashine.

Kila siku nilitazama duara kwenye kalenda. Bado lilikuwa mbali.

Siku niliyovuka nilivaa kanzu nyeupe. Cherehani niliifunga kwa shuka isiguswe na maji. Hamadi, kaka yake Mwajuma, alinipokea ufukweni Juani, tukaibeba pamoja mpaka barazani kwake. Alikuwa na adabu zake zote, lakini hakuniita shemeji. Aliniita Mwalimu. Hilo peke yake lingenitosha kuelewa.

Nilimwambia nimekuja kumrejea mke wangu.

Hamadi akatazama chini. "Umechelewa, Mwalimu. Eda imekwisha wiki hii."

Nikacheka! Nikamwambia hapana, nimehesabu, miezi mitatu bado. Nilikuwa tayari kumtolea kalenda.

"Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma siku zake," akasema. "Dada yangu hajakoma. Yeye ni tohara tatu, vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, na ile uliyomwachia ndani yake inahesabika ya kwanza. Sheikh wako hakukwambia?"

Sheikh alikuwa ameniambia. Tohara tatu, alisema. Ni mimi niliyesikia miezi mitatu, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaanza kuwaza mkanda na rangi. Wiki ile! Wiki ile ile niliyokuwa nachora maua! Niliishi na mwanamke zaidi ya miaka ishirini, na nilihesabu eda yake kwa kalenda iliyotundikwa ukutani, bila kujiuliza siku zake mwenyewe zinaendaje...

Nilimwomba Hamadi anikubalie kusema naye. Akaingia ndani. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha Mwajuma akatoka.

Alikuwa amejitanda ushungi mpaka usoni, amejifunika mpaka vifundo vya mikono, kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume asiye wake. Akakaa mbali, upande wa kaka yake. Mwanamke niliyemjua hata alama ya ukucha wake! Nilizijua nywele zile zilivyoanza mvi juu ya sikio la kushoto, na sikuwa na ruhusa ya kuziona tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeachana na mke wangu. Sikuelewa siku ya ndoo. Nilielewa kwa ule ushungi.

Nikaifungua shuka. Cherehani iling'aa baraza zima. Watoto wa jirani walisogea. Mwajuma aliinuka, akapitisha kiganja juu yake, akazungusha gurudumu mara moja. Halikutoa hata mlio.

"Umeipaka rangi," akasema.

Nikaanza kumweleza kila nilichofanya. Akaninyooshea kidole ubavuni mwa cherehani. "Hapa maua yalikuwa yamefutika. Niliyafuta mimi kwa mkono, nilipokuwa namshonea Nasra." Nilikuwa nimeyarudisha yote, mapya.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, kama eda imekwisha basi nataka kumposa upya, mbele ya kaka yake, kwa ndoa mpya na mahari mpya. Nikasema mahari ni hii cherehani.

Hamadi alishindwa kujizuia, akaguna. Mwajuma hakuguna. Alisema kwa upole kabisa, "Hii ni yangu, Mwalimu. Umenirudishia mali yangu, Mungu akulipe. Huwezi kunioa mara ya pili kwa kitu changu mwenyewe."

Mwalimu. Yeye naye!

Nikasema basi atachukua pikipiki. Nilisema kwa moyo wote. Nikasema ninaitoa, iwe mahari yake, aiuze, aitupe baharini, aifanye apendavyo.

Aliikunja ile shuka. Nadhani alikuwa akinihurumia. Akasema, "Nimepumzika. Nalala usiku mzima, na chumba changu hakinuki mafuta ya taa. Tuache hivi hivi."

Akainuka, akaingia ndani. Hamadi alinisindikiza mpaka ufukweni. Mashua ilipokuwa inasukumwa akasema, "Siku zile za mwanzo alikuwa akikaa pale barazani kila mashua ikitia nanga. Tulidhani utakuja."

Bora asingeniambia.

Tangu hapo nimemtuma sheikh mara mbili. Jibu ni lile lile, na sheikh amenikataza kumsumbua tena. Mwani ameuacha. Anashonea Juani nzima, na wanaovuka kutoka huku humpelekea vitambaa. Nasra akirudi likizo hushukia huko kwanza. Kwangu huja mchana, ananipikia, ananiamkia, anaondoka na mashua ya jioni.

Pikipiki ipo. Wageni wanaokuja kupiga mbizi husimama kuitazama, wananiuliza kwa ishara kama ni yangu. Haijaharibika hata kidogo. Inawaka kwa kiki moja, asubuhi na jioni, na hakuna mahali ninapohitaji kwenda.

Msinielewe vibaya, sisemi mtu asiwe na kitu anachokipenda. Ila nawaomba jambo moja, wanaume wenzangu hasa, kabla hamjashika tena spana. Kama kuna mtu nyumbani mwako alikwambia jambo leo na wewe ukajibu "sawa", nenda kamuulize alisema nini. Usiogope kuonekana hukusikiliza, ameshaona. Na kama umeshamkosea, usingoje kitu kizuri cha kumpelekea. Nenda ulivyo, na grisi yako mikononi, angali barazani akitazama njia. Mimi nilikuwa nasubiri rangi ikauke.